Injini ya boti ikizima majini: hatua za kuchukua kabla ya kuvuta kamba tena

Na Mwandishi Wetu

Kwa wavuvi na wasafiri wa Ziwa Victoria, injini ya kupachika inayotumia petroli ndiyo tegemeo la kutoka mwalo mmoja hadi mwingine. Injini hiyo inapozima katikati ya safari na kukataa kuwaka, hatari ya kwanza si kupotea kwa muda wala kuharibika kwa samaki. Chombo kisicho na mwendo hakitii usukani. Upepo hukigeuza ubavu, na mawimbi huanza kuingia ndani. Kwa sababu hiyo, mpangilio wa hatua zinazochukuliwa katika dakika za mwanzo una uzito kuliko nguvu za mkono unaovuta kamba ya kuwashia.

Chombo kwanza, injini baadaye

Hatua ya kwanza ni nahodha kuhakikisha kila aliyemo amevaa jaketi okozi na ameketi. Abiria wasikimbilie nyuma kutazama kinachoendelea. Sehemu hiyo, yaani tezi, tayari imebeba uzito wa injini. Watu wakiongezeka hapo, maji hupata njia ya kuingia.

Hatua ya pili ni kushusha nanga kutoka omo, sehemu ya mbele ya chombo, ili kiyakabili mawimbi kwa mbele. Nanga isifungwe tezi. Wastani wa kina cha Ziwa Victoria ni takriban mita 40, hivyo zipo sehemu ambazo kamba fupi haitafika chini. Hapo, ndoo imara iliyofungwa kwenye kamba na kutupwa majini kutoka omo husaidia kupunguza kasi ya kusukumwa na upepo. Makasia nayo yawe tayari, hasa chombo kikiwa karibu na miamba.

Namna ilivyozima huonesha chanzo

Kabla ya kufungua chochote, nahodha ajiulize injini ilizimaje. Iwapo ilikata ghafla kama taa iliyozimwa, chanzo huwa mara nyingi upande wa umeme, au kamba ya usalama inayofungwa mkononi mwa nahodha imechomoka. Iwapo ilipoteza nguvu taratibu, ikapanda na kushuka kabla ya kuzima, dalili hiyo huelekeza kwenye mafuta. Iwapo mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya injini ulikuwa umekoma, au kulikuwa na harufu ya kuungua, injini imepata joto kupita kiasi.

Ukaguzi kwa mpangilio

Ukaguzi uanze na mambo yasiyohitaji kifaa chochote. Kishikizo cha kamba ya usalama kiwe mahali pake na gia iwe huru, kwani injini nyingi hazikubali kuwashwa zikiwa ndani ya gia.

Kinachofuata ni mafuta. Mfuniko wa tangi la kubebeka una tundu la kupitisha hewa. Tundu hilo likisahaulika likiwa limefungwa, injini huwaka vizuri mwanzoni, kisha huzima kwa kukosa mafuta ilhali tangi limejaa. Mtumiaji alifungue, kisha aminye pampu ya mkono iliyo kwenye mpira wa mafuta. Pampu ikiwa ngumu, mafuta yanafika. Ikibaki laini, mafuta yamekwisha au mpira unavuta hewa kwenye maungio. Ikiwa imebonyea bila kurudi, njia ya kutoka kwenye tangi imeziba.

Petroli yenye maji ni chanzo kingine. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini ya tangi, mahali ambapo mafuta hufyonzwa. Kiasi kidogo kikitolewa kutoka chini na kuwekwa kwenye chupa inayoonesha ndani, maji yatajitenga chini yake baada ya dakika chache. Mafuta hayo yahifadhiwe kwenye chombo yarudishwe nchi kavu, yasimwagwe ziwani.

Mafuta yakiwa sawa, zikaguliwe plagi. Plagi iliyolowa petroli huashiria kwamba injini imejaa mafuta kwa kuvutwa mara nyingi huku choki ikiwa imefungwa. Choki ifunguliwe, injini iachwe dakika kadhaa, na plagi ikaushwe au ibadilishwe kwa nyingine kavu. Kupima cheche kwa kuishika plagi karibu na injini yenye mvuke wa petroli kunaweza kuwasha moto, na hakufai kufanyika majini.

Injini iliyopata joto iachwe ipoe yenyewe, bila kumwagiwa maji. Wakati huo, matundu ya kuingizia maji yasafishwe, kwa kuwa magugu maji, mifuko ya plastiki na vipande vya nyavu huyaziba. Kabla ya mkono kufika karibu na propela, kamba ya usalama ichomolewe. Iwapo kamba ya kuwashia haivutiki kabisa ilhali gia iko huru, huenda pistoni imekwama. Kuilazimisha huongeza uharibifu.

Katika ukaguzi wote, sigara, karabai na moto wa aina yoyote viwe mbali.

Wakati wa kuomba msaada

Kuomba msaada mapema si udhaifu wa nahodha. Iwapo ukaguzi huu haujafanikiwa, au upepo unaongezeka, au jua linakaribia kuzama, taarifa itolewe wakati simu bado ina chaji. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114 na Polisi kwa namba 112. Vyombo vyenye redio ya majini hutumia chaneli 16. Mtoa taarifa aeleze mahali alipo kwa kutaja kisiwa au mwalo ulio karibu, idadi ya watu na hali ya chombo. Wote wabaki ndani ya chombo. Kuogelea kwenda nchi kavu inayoonekana kuwa karibu kumekuwa kukigharimu maisha.

Kinga huanzia mwaloni

Sehemu kubwa ya hitilafu hizi huzuilika kabla ya kuondoka. Petroli ichujwe wakati wa kujaza tangi. Kwa injini zinazochanganyiwa oili, kipimo cha kitabu cha mtengenezaji kifuatwe. Kwa nyingi ni lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, yaani nusu lita kwa dumu la lita 25. Plagi ya akiba, spana yake, tochi, nanga na makasia viwe ndani ya chombo.

Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) ndilo lenye jukumu la kusimamia usalama wa vyombo vya majini, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri unaohusu maziwa na bahari. Wananchi wanahimizwa kutumia vyombo vilivyokaguliwa, kufuatilia utabiri huo, na kumwachia mtu wa mwaloni taarifa ya waendako na saa ya kurejea. Injini ikizima mahali ambapo simu haifiki, mtu huyo ndiye atakayejua kwamba chombo kimechelewa na atatoa taarifa.