Mchango wa Shule: Hiari Isigeuke Deni

Mama auzaye ndizi katika soko la Mabibo analijua neno moja liwezalo kumnyima usingizi shule zinapofunguliwa Januari: mchango. Mara ni wa dawati, mara wa mlinzi, mara wa karatasi za mitihani.

Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima katika shule za umma. Mwaka 2016 ulipoanza, madarasa yalifurika, watoto wakaketi sakafuni. Mwezi Aprili Bunge likamkabidhi Rais Magufuli shilingi bilioni 6 za madawati 120,000, yaani shilingi 50,000 kwa kila dawati. Makampuni na watu binafsi nao wakachangia. Ilikuwa kazi njema, maana mtoto aandikaye juu ya magoti huharibu hati yake na sare yake pia, na afuaye sare hiyo ni mama.

Lakini dawati hupigwa picha, na ubavuni huandikwa jina la aliyelitoa. Chaki haina mahali pa kuandika jina. Ruzuku ya Serikali ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi: 4,000 za vitabu na 6,000 za kufika shuleni, ambazo ni 500 kwa mwezi. Humo mna chaki, mitihani na ukarabati. Mfadhili mwenye busara, kabla ya kuleta rangi ya ukuta, angemwuliza kwanza mwalimu wa sayansi amepungukiwa na nini. Pengine ni mizani tu.

Kibaya zaidi ni ile "hiari" ambayo asiyetoa husomwa jina mbele ya wenzake. Januari 2018 Rais alipiga marufuku walimu kupokea michango. Atakaye kutoa apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri, ambayo kwa Mabibo ni Manispaa ya Ubungo. Agizo hilo lilimwondolea mwalimu aibu ya kudai, ingawa liliirefusha safari ya boksi la chaki. Basi kamati ya shule ibandike ukutani, mahali pa wazazi wote kuona, kilichopokelewa na kilichonunuliwa. Na baba seremala asiye na fedha taslimu akaribishwe Jumamosi na nyundo yake kuyagongomea madawati yaliyolegea, na saa zake ziandikwe katika daftari lile lile la wafadhili.