Unataka mbwa anayefanana na mbwa mwitu kwa ajili ya wanafunzi? Soma hapa kwanza

Leo naacha kidogo mambo ya kuku na nyanya. Naongelea mbwa, maana kuna kosa nimelifanya mwenyewe na sitaki lijirudie kwako.

Kijana mmoja hapa Buzuruga anafuga kuku wa mayai na sungura. Ana akili ya biashara. Aliona shule zinatafuta mahali pa kupeleka watoto kujifunza, akaanzisha ziara za shambani kwa kiingilio kidogo. Baadaye akaongeza kona ya wanyamapori: picha ukutani, fuvu la plastiki, na mbwa mwenye manyoya mengi na masikio yaliyosimama, aliyeuziwa kama Haski. Aliwaambia watoto, "Huyu ndiye ndugu wa mbwa mwitu wa Serengeti."

Wiki moja kabla ya ziara kubwa nilipita kukagua. Nikaangalia mabanda, maji, dawa ya kuogea miguu mlangoni. Kuhusu mbwa sikuuliza hata swali moja. Siku ya ziara watoto kama arobaini wakamzunguka, amefungwa mnyororo mfupi chini ya mwembe. Mmoja akamshika mkia. Mbwa akageuka akamng'ata mkononi.

Jeraha lilikuwa dogo. Lakini mwalimu alipouliza, "Kadi ya chanjo iko wapi?" kukawa kimya. Mtoto alioshwa jeraha, akapelekwa hospitali, akaanza sindano za kichaa cha mbwa. Mbwa akafungiwa siku 10 akiangaliwa. Siku hizo 10 sikulala vizuri. Mungu saidia, mbwa alibaki mzima na mtoto yuko salama. Kijana alilipa gharama zote, na shule ile haijarudi.

Kwa hiyo tulia, twende hatua kwa hatua.

Kwanza, unafundisha mnyama gani?

Kiswahili kinatuchanganya kidogo hapa. Neno "mbwa mwitu" tunalitumia kwa wanyama wawili tofauti kabisa. Wa kwanza ni yule wa Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, mbwa mwitu wa kijivu, ambaye watoto wanamsikia kanisani akiwa amevaa ngozi ya kondoo. Huyo hayupo Tanzania. Wa pili ni mbwa mwitu wetu: ana mabaka meusi, ya njano na meupe, masikio ya mviringo kama sahani, na ncha ya mkia nyeupe. Kila mmoja ana mabaka yake, hawafanani.

Mbwa wa kufugwa, kuanzia mbwa koko wa Igoma mpaka Haski, ametokana na mbwa mwitu wa kijivu. Mbwa mwitu wetu ni ukoo mwingine, na hawezi kuzaa na mbwa wa nyumbani. Kwa hiyo mtu akikuambia anauza chotara wa mbwa mwitu wa Serengeti, anakudanganya. Akikuuzia mtoto wa mbwa mwitu mwenyewe, anakuuzia kesi, kwa sababu Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumiliki mnyamapori bila kibali.

Kuna jambo jingine wengi hawalijui. Bweha wa dhahabu tunayemwona Serengeti ana undugu wa karibu na mbwa mwitu wa kijivu kuliko tulivyodhani. Mwaka 2015 watafiti wa vinasaba walionyesha kwamba bweha wa dhahabu wa Afrika si sawa na yule wa Asia na Ulaya, na sasa wengi wanamhesabu katika kundi la mbwa mwitu. Kwa hiyo ukitaka kuonyesha "ndugu wa mbwa" anayeishi kwetu, picha ya bweha huyu inafaa kuliko maneno mengi.

Pili, usinunue sura

Hapa ndipo wengi wanapofeli. Mtu anataka mbwa wa kutisha, anakwenda kununua manyoya.

Haski ni mbwa wa kuvuta sledi kwenye theluji. Ana manyoya ya tabaka mbili, na amezaliwa kukimbia mbali. Mwanza jua la mchana linafika nyuzi 28 hadi 30. Ukimfunga chini ya bati, unamtesa, na mbwa anayeteseka ndiye anayeng'ata. Pia anapenda kuwinda. Kwenye shamba la kuku hilo ni tatizo la kila siku.

Wapo pia mbwa waliozalishwa makusudi kwa kuchanganya Jemani Shepadi na mbwa mwitu wa kijivu. Ni waoga kwa watu wasiowajua, na wanahitaji mfugaji mzoefu sana. Usiwaze kuwaweka mbele ya darasa la tatu.

Ushauri wangu ni huu. Kama lazima uwe na sura ya mbwa mwitu, tafuta Jemani Shepadi mtulivu, yule wengi tunamwita mbwa wa polisi. Ana masikio ya kusimama, pua ndefu na mkia mzito. Kama bajeti ni ndogo, mbwa wa kienyeji mwenye masikio yaliyosimama anatosha kabisa. Amezoea joto letu, na chakula chake hakikusumbui: ugali na dagaa wetu wa ziwani, bila vitunguu na bila mifupa iliyopikwa.

Tatu, mpime kabla ya kutoa hela

Usichukue mtoto wa mbwa ukitegemea atakua mpole. Kwa kazi ya watoto chukua mkubwa, wa mwaka mmoja na nusu au miwili, ambaye tabia yake imeshaonekana. Nenda kwa mwenye naye mara mbili, siku tofauti, ufanye haya:

1. Dondosha sufuria nyuma yake, mbali kidogo. Kushtuka ni kawaida. Unachotaka ni arudi kwenye utulivu ndani ya muda mfupi, aje kunusa. Akijificha au akifoka bila kunyamaza, achana naye.
2. Mwenyewe amshike masikio, miguu na mkia, wewe ukiangalia. Baadaye ushike wewe. Mbwa anayekakamaa, anayelamba midomo mara kwa mara au anayeonyesha weupe wa jicho anakuambia "inatosha". Msikilize.
3. Mwenyewe amwondolee chakula akiwa anakula. Asinung'unike.
4. Mpitishe karibu na kuku na mbuzi akiwa na kamba. Kutazama sawa, kuruka hapana.
5. Omba kadi ya chanjo. Hakuna kadi, hakuna biashara mpaka daktari wa mifugo amwone.

Ukishamnunua, mpe angalau miezi miwili azoee shamba kabla ya kuona mwanafunzi.

Nne, siku ya ziara

Watoto wakae chini, nusu duara. Mbwa awe na mtu wake mmoja, kamba mkononi, si mnyororo mtini. Wasogee wawili wawili, wamguse begani, si kichwani wala mkiani. Dakika 15 zinatosha, halafu mbwa apumzike kivulini na maji. Akikataa kusogea, usimlazimishe. Endelea na picha.

Kisha wape zoezi. Mwambie mtoto ahesabu vidole vya mguu wa mbele wa mbwa wako. Atapata vitano, kimoja kimejificha pembeni kwa juu. Halafu onyesha picha ya mguu wa mbwa mwitu wetu: ana vinne tu. Hapo mtoto ameelewa mwenyewe kwamba hawa ni wanyama wawili, na hatasahau. Kwa hiyo usimwambie kamwe kwamba mbwa wako ni mbwa mwitu. Mwambie huyu ni mbwa, halafu mwonyeshe tofauti.

Tano, chanjo ndiyo somo lenyewe

Hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote. Kutoka Buzuruga mpaka lango la Ndabaka la Serengeti, kupitia Magu na Lamadi, haifiki nusu siku. Mbwa wetu na wanyama wale ni majirani.

Mwaka 1991 makundi ya mbwa mwitu yaliyokuwa yakifuatiliwa kwenye nyanda za Serengeti yalitoweka. Sababu zilibishaniwa sana, lakini kichaa cha mbwa kilikuwa kimethibitishwa katika baadhi ya makundi. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, unaohusishwa na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Baada ya hapo ndipo kampeni za kuchanja mbwa vijijini zilipopewa uzito. Na kuanzia 2012 mbwa mwitu waliochukuliwa upande wa Loliondo walianza kuachiwa upya magharibi mwa hifadhi.

Ukichanja mbwa 7 kati ya 10 katika eneo, kichaa cha mbwa kinakosa njia ya kusambaa. Kwa hiyo mbwa wa kienyeji aliyechanjwa anafundisha uhifadhi kuliko Haski wa gharama asiye na kadi. Mchanje kichaa akifikisha miezi mitatu, rudia kila mwaka. Ongeza chanjo ya distempa na pavo. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu, na kupe usiwape nafasi. Kadi ibandike ukutani, watoto waisome.

Na ikitokea amemng'ata mtu, hata kidogo: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nenda hospitali siku hiyohiyo, toa taarifa kwa ofisi ya mifugo. Usiweke pilipili wala mafuta ya taa. Usimuue mbwa haraka, afungiwe aangaliwe. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, ni vigumu mno kumwokoa.

Yule kijana wa Buzuruga hajaacha biashara. Haski wake tulimpatia nyumba nyingine yenye uwanja mkubwa na kivuli. Sasa ana jike la kienyeji, rangi ya majani makavu, masikio yamesimama. Juzi nilienda tena kukagua. Safari hii nilianza na kadi ya mbwa, ndipo nikaenda kwenye kuku.

Tukutane shambani.