Mpini Uliovunjika Bado Una Kazi



Hoki tunayoijua wengi wetu ni ile ya nyasi, ambayo Kenya ilishika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia mwaka 1971. Lakini iko na hoki ya barafu, mchezo mkubwa wa Kanada. Vijana wa Nairobi nao waliuanza baada ya uwanja wa barafu kufunguliwa katika hoteli ya Panari mwaka 2005. Fimbo zake hutoka ng'ambo, na moja ya daraja la juu hupita dola 300 za Marekani. Hesabu mwenyewe hiyo ni mishahara ya miezi mingapi ya kibarua.

Zamani fimbo hiyo ilikuwa mti mtupu. Katika miaka ya 1980 ikaenea mipini ya alumini yenye uwazi ndani. Bapa, yaani sehemu ya chini inayopiga, lilichomekwa humo, na likivunjika ulichomeka jingine. Tangu miaka ya 2000 zimetawala fimbo za nyuzi za kaboni za kipande kimoja. Bapa likivunjika, watu hutupa yote. Kiwanda huuza mara mbili, na wewe umetupa mpini ulio mzima.

Mpini huo nao una uwazi ndani, kwa hiyo fundi anaweza kuuokoa. Fanya hivi:

1. Kagua mpini. Kama ufa umepanda juu kwa urefu, usiutumie. Bapa likichomoka mchezoni litamjeruhi mtu.

2. Funga mpini katika jiliwa kwa kitambaa, usiubane sana. Kata juu ya palipovunjika kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo. Kata wima, kisha lainisha kwa msasa.

3. Pima tundu kabla ya kununua bapa. Mipini mingi huwa myembamba kuelekea chini, na ndimi za mabapa ni za vipimo mbalimbali. Ulimi uingie kwa kubana.

4. Paka ulimi gundi ya kuyeyushwa kwa moto. Pasha mwisho wa mpini kwa mashine ya hewa moto, ukiizungusha. Usizidishe, maana joto kali huharibu gundi inayoshika nyuzi.

5. Sukuma ulimi mpaka mwisho, nyoosha bapa, futa gundi iliyotoka, acha ipoe kabisa.

Kama fimbo imekuwa fupi, chomeka kipande cha mbao juu ya mpini, au mpe mtoto.

Sasa neno la chama. Vumbi la kaboni huwasha ngozi na kuumiza mapafu. Kata mahali penye hewa, lowesha msasa, vaa barakoa, miwani na glavu. Mwenye karakana akitaka kazi hii, vifaa hivyo anunue yeye. Visikatwe katika mshahara wa kijana anayeshika msumeno.

Tena bei ipangwe kabla ya kazi. Wapo watakaosema, "Unachomeka tu, dakika kumi." Mwambie kwamba halipi dakika kumi. Analipa jicho lililouona ufa na mkono uliojua joto la kutosha. Fundi akifanya kazi hii kwa ahsante, kesho wenzake wote wataombwa ahsante hiyo hiyo.