"Mama, Hapa Usiniite kwa Kinyakyusa"

Tumfikirie mama mmoja wa Tukuyu. Alfajiri amepanda basi, akabadilisha Mbeya mjini, akapita Makambako na Mafinga, na jioni ameshuka Iringa kumtembelea bintiye aliye kidato cha pili katika shule ya bweni. Ana mchele na mkungu wa ndizi. Anamwona binti kwa mbali, anamwita kwa Kinyakyusa kwa furaha. Binti anawatazama wenzake, kisha anamvuta mama pembeni na kumnong'oneza: "Mama, hapa usiniite kwa Kinyakyusa."

Mama mwenzetu, wewe ungejisikiaje? Wengi wetu tungerudi nyumbani tukilia. Lakini kabla hatujamhukumu mtoto, hebu tutazame jambo hili kwa utulivu.

Jina hufuata mahali

Binti huyu akiwa kijijini kwao Rungwe hana haja ya kujiita Mnyakyusa, maana karibu kila jirani ni Mnyakyusa. Huko anajulikana kwa ukoo wa baba yake. Akifika Mbeya mjini, walipo Wasafwa wenyeji na Wakinga wafanya biashara kutoka Makete, ndipo anapokuwa Mnyakyusa. Akienda kusoma Iringa kwa Wahehe, anaitwa "mtu wa Mbeya", na msichana wa Kisafwa ambaye Mbeya alikuwa wa kabila jingine sasa ni dada yake. Akivuka mto Songwe kuingia Malawi atawakuta Wangonde, ambao lugha yao inakaribiana sana na yake, lakini huko yeye ni Mtanzania. Mtoto ni yule yule. Kinachobadilika ni watu waliosimama mbele yake.

Sisi watu wazima nasi tumebadilishwa majina. Wabena wa Njombe, Wakinga na Wapangwa walikuwa "watu wa Iringa" mpaka Mkoa wa Njombe ulipoanzishwa mwaka 2012. Wanyiha wa Mbozi na Wandali wa Ileje walikuwa "watu wa Mbeya" mpaka ulipozaliwa Mkoa wa Songwe mwaka 2016. Hata Wahehe wenyewe waliunganishwa katika karne ya 19 na Munyigumba, baba yake Mkwawa, kutoka katika tawala ndogo ndogo nyingi.

Kubadilika si kuona haya

Basi kubadilika si kosa. Mtume Paulo alisema na umati wa Yerusalemu kwa lugha yao, na siku hiyo hiyo akamwambia akida kuwa yeye ni raia wa Rumi. Yote mawili yalikuwa kweli, wala hakuyaonea haya.

Hatari iko kwenye haya. Wahehe na Wangoni walipigana vita katika karne ya 19, na leo ni watani. Wanataniana hata msibani na hakuna anayeumia, kwa sababu kila upande una haki ya kujibu. Bwenini si hivyo. Mtoto aliye peke yake, anayechekwa lafudhi kila siku, hana mtani wa kumtetea. Katika umri wa miaka 14 au 15, anapotafuta kujua yeye ni nani, kicheko cha wenzake kina uzito kuliko maneno ya mzazi. Anaanza kwa kuficha lugha, na mwisho anamficha mama yake.

Tufanye nini?

Kwanza, tuzungumze lugha yetu nyumbani bila kulazimisha, na tuwasimulie watoto walikotoka babu na bibi zao. Anayejua kwao hatikisiki upesi.

Pili, tuchunge midomo yetu. Tukiwasema vibaya majirani wa kabila jingine tukiwa jikoni, watoto wetu ndio watakaowacheka wenzao bwenini.

Tatu, mtoto akikuonea haya, usimgombeze mbele ya rafiki zake. Subiri mkae wawili, umwulize, "Mwanangu, ni nani anayekucheka?" Kama kicheko kimegeuka mateso, mwone mwalimu wa malezi.

Mama wa Tukuyu akiuliza swali hilo badala ya kununa, huenda binti akalia kidogo, akasimulia yote. Na wakiagana, pengine atamshukuru kwa lugha ya nyumbani, bila kugeuka kutazama nani anasikia: "Ndaga fijo, mama."