Hakiki Faili la Linux Kabla ya Kuliweka Kwenye Kompyuta ya Usharika

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Tangu hapo baadhi ya sharika zimetuuliza kama kompyuta zao za zamani, nyingi zikiwa ni msaada wa wafadhili, zinaweza kuendelea kutumika kwa Linux ambayo haidai malipo ya leseni. Jibu ni ndiyo. Programu huria si ngeni hapa nchini: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili.

Hata hivyo, ipo hatua ambayo wengi huiruka, nayo ni kuhakiki faili la usimikaji.

Usharika mmoja ulituletea kompyuta ofisini hapa Bagara pamoja na flashi yenye faili lililonakiliwa kutoka kwa rafiki. Usimikaji ulikuwa umekwama mara tatu, na kamati ilikwisha andika barua ya kuomba fedha za kompyuta mpya. Tulipolihakiki faili, tukakuta ni pungufu, kwani bando liliisha kabla ya kupakua kumalizika. Tulipakua upya, na kompyuta ile inafanya kazi hadi leo. Nusura fedha za sadaka zitumike kwa sababu ya faili bovu.

Faili bovu lina nafuu, maana hujionyesha. Hatari zaidi ni faili lililochezewa. Tarehe 20 Februari 2016 wahalifu waliingilia tovuti ya Linux Mint na kuelekeza kiungo cha toleo la 17.3 Cinnamon kwenye faili lao, lililofichwa mlango wa siri wa kuiongoza kompyuta kwa mbali. Kwa nje lilifanana na lile halisi. Waliolisimika walishauriwa kufuta kila kitu na kubadili nywila zao.

Kompyuta ya usharika hutunza majina ya waumini, ahadi zao na hesabu za mradi. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tuzilinde taarifa za watu. Kwa hiyo tunashauri yafuatayo:

1. Pakua kutoka tovuti rasmi ya watengenezaji, au kituo ambacho tovuti hiyo imekitaja. Andika anwani mwenyewe. Usifuate kiungo ulichotumiwa kwenye simu.

2. Linganisha namba ya uhakiki. Kila faili lina namba yake ya SHA256 yenye tarakimu na herufi 64. Faili likibadilika hata kidogo, namba hubadilika kabisa. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, kisha andika certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256. Kwenye Linux andika sha256sum na jina la faili. Linganisha na namba iliyotolewa na watengenezaji.

3. Hakiki saini ya kidijitali. Mwizi aliyeingia kwenye tovuti anaweza kubadili faili na namba pia, lakini hawezi kuiga saini bila ufunguo wa siri wa watengenezaji. Kazi hii hufanywa kwa programu ya GnuPG. Alama ya ufunguo wao ithibitishwe kwa njia nyingine, mbali na ukurasa uleule uliopakulia.

4. Namba au saini isipolingana, futa faili na upakue upya. Usijaribu bahati.

Si lazima kila usharika ulipie bando la GB kadhaa. Faili moja lililohakikiwa linaweza kunakiliwa kwa sharika nyingi, mradi kila nakala ihakikiwe tena baada ya kufika.

Tunaziomba kamati ziandike namba hiyo na tarehe ya uhakiki kwenye daftari la vifaa. Mfadhili akiuliza jinsi kompyuta aliyoitoa inavyotunzwa, mtakuwa na jibu la maandishi.