GPS Baharini: Hujua Ulipo, Lakini Haimwambii Mtu

 

Miaka kadhaa sasa makazi yangu ni Ruring'u, katika mji wa Nyeri, ambako nasomesha watoto chuoni. Huku hakuna pwani. Mawingu yakiondoka tunauona Mlima Kenya, na maji ya udhu wa alfajiri ni mtihani kwa mtu aliyelelewa kwenye joto. Lakini ukoo wangu uko Lamu, na bahari hunifuata kwa njia ya simu.

Mwishoni mwa kaskazi moja, kabla ya adhuhuri, mke wa mpwa wangu alinipigia akilia. "Mjomba," akasema, "mashine ya boti imewafia jana mchana, wamelala nje. Asubuhi simu yake ilishika kidogo, akanisomea namba za GPS, kisha ikakatika. Vijana wamekwenda hapo kwenye namba, hawakuona kitu. Bahari tupu."

Nikaziandika zile namba kama alivyonisomea: 2.16 kusini, 41.20 mashariki. Mimi elimu ya jambo hili sikuwa nayo. Nikavuka barabara hadi kwa kijana mmoja fundi wa hapa Ruring'u, ambaye kazi yake ni kufunga vifaa vya kufuatilia matatu. Akazitazama namba, akaniuliza swali moja: "Sheikh, kwenye kioo cha boti paliandikwa nukta, ama nyuzi na dakika?"

Nikampigia mama yule. Akafikiri, akasema mumewe hakutaja nukta kabisa. Alisema "mbili, kumi na sita, arubaini na moja, ishirini". Nukta iliwekwa nchi kavu, wakati namba zilipoandikwa kwenye simu ili zitumwe kwa vijana.

Fundi akaziingiza kwa njia zote mbili, na kwenye ramani zikatokea alama mbili zilizoachana kwa kilomita 19 hivi. Sababu ni hii. Uzi mmoja hugawanywa dakika 60, kama saa. Nyuzi 2 na dakika 16 si sawa na nyuzi 2 nukta 16, kama vile saa mbili na dakika kumi na sita si sawa na saa mbili nukta kumi na sita. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Kosa la nukta moja liliwapeleka waokoaji kwenye maji mengine kabisa.

Tukawapigia vijana, wakageuza boti. Baada ya alasiri waliwapata watu wanne, midomo imekauka kwa kiu, na wote hai. Alhamdulillahi.

Kupokea si kutuma

Jioni ile nilirudi kwa fundi kumshukuru, nikamuuliza lililonikera. Mpwa wangu alinunua kifaa kile kwa fedha ambazo mkewe alizitoa katika mgao wa chama chao cha akina mama. Alizitoa akiamini kwamba mumewe akiwa nacho, "wataonekana alipo". Mbona basi hakuna aliyemwona?

Fundi akanieleza kwa mfano wa matatu. Kifaa anachofunga garini kina sehemu mbili. Ya kwanza husikiliza setilaiti zinazozunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi, na ikizisikia angalau nne hupiga hesabu ya mahali ilipo. Ya pili ni laini ya simu, ambayo humpelekea mwenye gari hesabu hiyo. "Gari likiingia bondeni msituni kusiko na mtandao," akasema, "lenyewe linajua lilipo, lakini mwenye gari hajui." GPS ya kawaida ya boti ina ile sehemu ya kwanza peke yake. Hupokea, haitumi.

Dada zangu, jambo hili ndilo lililonishikisha kalamu. Katika nyumba nyingi za wavuvi watu wanadhani kwamba aliyenunua GPS amenunua mlinzi. Alichonunua ni elimu ya mahali alipo, na elimu hiyo haimfai kitu aliyepotewa na mashine mpaka imfikie mtu mwingine.

Wazee wetu walikuwa na elimu kama hiyo bila kioo wala betri. Katika Suratul An'am, Mwenyezi Mungu ametukumbusha kuwa nyota zimewekwa zituongoze katika viza vya bara na bahari. Nahodha Ahmad ibn Majid, aliyeishi katika karne ya 15 ya miladi, aliandika kitabu kizima cha misingi ya elimu ya bahari, na mabaharia wa zama zake walipima kimo cha nyota kwa kibao na uzi wenye mafundo. Lakini elimu ile ilikaa kifuani mwa nahodha. Chombo kikikwama, hakuwa na njia ya kumwambia mkewe kwamba yuko chini ya nyota fulani. Faida kubwa ya GPS ni kwamba imegeuza mahali kuwa namba, na namba hutamkika, huandikika na hutumwa. Ikikaa kwenye kioo tu, faida hiyo imepotea.

Kuchagua

Mpwa wangu na mkewe walipokaa upya na hesabu zao, walianza na swali la chombo chenyewe. Mashua ya wazi isiyo na betri kubwa hutoshewa na GPS ya mkononi inayotumia betri ndogo za kubadilisha. Boti yenye betri ya volti 12 huweza kufungwa ile ya kudumu yenye kioo kikubwa na ramani ya bahari. Katika zote mbili, tazameni mambo haya: kioo kisomeke juani, vitufe vibonyezeke kwa mkono uliolowa, na kifaa kistahimili maji. Alama ya IPX7 maana yake kimejengwa kustahimili kuzama mita moja kwa nusu saa.

Simu ya mkononi nayo ina GPS, na hufanya kazi hata pasipo mtandao ikiwa ramani ilipakuliwa mapema. Iwe akiba, kwa kuwa chaji yake huisha upesi na maji ya chumvi huiua.

Wauzaji hupenda kusifu vifaa vinavyoonyesha samaki chini ya maji. Ni vizuri kwa mwenye uwezo. Lakini ikiwa fedha zatosha kimoja kati ya picha ya samaki na redio ya VHF, chukueni redio. Chaneli ya 16 ndiyo ya dharura na wito baharini duniani kote. Masafa yake kati ya boti na boti ni maili chache, na huongezeka mlingoti wa anayesikiliza ukiwa mrefu. Redio nyingi za kisasa za kufungwa zina kitufe chekundu ambacho, redio ikiwa imeunganishwa na GPS na kupewa namba yake ya utambulisho, hutuma wito wa dharura pamoja na mahali boti ilipo. Pia kuna vifaa vidogo vya kutoa ishara ya dharura kwa setilaiti kwenye megahezi 406, ambavyo hufanya kazi mbali kabisa na nchi kavu. Bei yake ni kubwa, lakini wavuvi wa bahari kuu wanaweza kuchangia.

Kufunga

Kifaa kizuri kikifungwa vibaya ni hasara. Betri iwekwe ndani ya sanduku, ifungwe isitembee, nayo iwe juu ya ngama ili maji yakiingia yasiifikie kwanza. Waya mwekundu upitie fyuzi karibu na betri. Viungo vya waya vifunikwe visiingiwe na chumvi, kwa maana kutu ya kijani ndiyo huzima vifaa vingi kuliko mawimbi. Antena ione mbingu, isiwe chini ya bati wala chuma.

Dira ya zamani isitupwe. GPS ya kawaida hujua mnakoelekea kwa sababu tu mnatembea. Boti ikisimama, mshale wake hubahatisha. Dira haihitaji mwendo wala betri. Ila spika ya redio ina sumaku, kwa hiyo kabla ya kutoboa ubao, shikilieni kifaa mahali mnapotaka kukifunga, kiwasheni, na mtazame kama sindano ya dira inacheza. Ikicheza, sogezeni mbali.

Kisha, chombo kikiwa bado bandarini, wekeni alama ya kwanza: mlango wa kurudia nyumbani. Na wala msiiamini ramani ya kioo kuliko macho yenu penye miamba, maana mwamba hauondoki njiani kwa sababu haukuchorwa.

Karatasi ya nyumbani

La mwisho halina gharama, na ndilo walilolichelewesha. Mpwa wangu na mkewe waliketi sebuleni na kifaa, wakakubaliana namna moja ya kusoma namba: nyuzi, dakika, na sehemu ya dakika, kila moja itajwe kwa jina lake. "Nyuzi mbili, dakika kumi na sita nukta tatu, kusini." Anayesikia huandika, kisha humsomea msemaji alichoandika. Wamefanya mazoezi mpaka binti yao wa darasa la sita anaweza.

Kila safari huachwa karatasi nyumbani: majina ya waliomo, rangi ya boti, namba za mahali wanapokusudia kuvua, na saa ya kurudi. Chini yake kuna simu ya mwenyekiti wa BMU, ya Walinzi wa Pwani, na ya kituo cha kuratibu uokoaji baharini kilichoko Mombasa. Saa ikipita, mama hangoji usiku uingie. Anapiga.

Mola wetu ametuamrisha katika Suratul Baqara tuandike deni lenye muda. Mume anayetoka bandarini anawadai watu wake dua, nao wanamdai kurejea. Deni la namna hiyo nalo lastahili kuandikwa. Kwa hiyo, dada yangu, akikuomba mgao wako anunue GPS, mpe kwa moyo mkunjufu, na umuulize: "Na mimi nitajuaje ulipo?" Si utovu wa imani wala wa heshima kuuliza hivyo. Ni haki yako.

Mwenyezi Mungu awarejeshe salama wote walioko majini. Wabillahi tawfiq.