Mashindano ya Bunduki ya Upepo: Yana Faida Gani kwa Mashamba Yetu?

Kila mwaka mtama unapoanza kujaa maziwa, swali moja linarudi katika mikutano ya koperative zetu pande za Lubumbashi, Kipushi na Kasenga. Mtu anasimama na kusema: «Bandege banamaliza mutama yetu. Tutoe makuta mu sanduku, tununue bunduki ya upepo, njo itatusaidia.» Wengine wanapiga makofi, wengine wananyamaza.

Sisi hatucheki swali hili. Mtu aliyelima nusu hekta kwa jembe, akapalilia mara mbili, halafu asubuhi moja akakuta masuke matupu, hana nguvu ya kucheka. Lakini pesa ya sanduku ni ya wote, na kabla ya kuitoa ni vizuri kuuliza wenye kuijua kazi. Basi tumeangalia watu wanaoijua bunduki hii kuliko wote: wale wanaokutana kila mwaka kushindana nayo. Tulichokipata kwao tunawaletea hapa.

Bunduki gani hii?

Bunduki ya upepo haina baruti. Inasukuma kidonge kwa nguvu ya hewa tu. Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ina springi ndani: unakunja mtutu, springi inakazwa, na ukivuta kifyatulio springi inaruka na kubana hewa, hewa inasukuma kidonge. Ya pili ina chupa ndogo inayojazwa hewa kwa pompi maalumu, mpaka bar 200 hivi. Tairi la lori kubwa linalopita Kasumbalesa lina bar 8 hivi. Piga hesabu: chupa ile imebeba mara 25 ya tairi la lori.

Kidonge chenyewe ni kidogo. Kile kinachotumika zaidi katika michezo kina upana wa milimita 4.5 na uzito wa nusu gramu hivi. Lakini kinaweza kutoka mtutuni kwa mwendo wa mita zaidi ya 200 kwa sekunde moja. Sawa vile, si kitu cha kuchezea watoto, hata kama madukani wengine wanakiuza kama mchezo.

Mkutano wa kila mwaka

Mchezo tunaouzungumzia ulianza kwa Waingereza, mwaka 1980, katika kijiji cha Magham Down, jimbo la Sussex. Kule wakulima walikuwa wamezoea kutumia bunduki ya upepo kuua panya ghalani na njiwa. Watu waliopenda kulenga wakaona: tuache wanyama, tufanye shabaha za chuma zenye umbo la panya, kunguru na sungura, tuziweke porini, tuone nani anajua. Tangu 1991 kuna mashindano ya dunia ya mchezo huo. Siku hizi wapiga shabaha wake wako katika nchi nyingi, hata Afrika ya Kusini, kule malori yetu yanakotoka na mizigo.

Mashindano ya dunia yanachukua siku tatu za kupiga. Kila siku mpigaji anapewa shabaha 50, kwa hiyo jumla ni 150, na kila shabaha anaipiga mara moja tu. Shabaha ziko kati ya mita kama 10 na mita 50, nyingine katikati ya majani, nyingine juu ya mti, nyingine bondeni. Kila mnyama wa chuma ana tundu la mviringo, dogo kama milimita 15, kubwa kama milimita 40. Kidonge kikipita katika tundu, kinagonga kibao cha nyuma na mnyama anaanguka: pointi moja. Kikigonga ubavu wa chuma, mnyama anabaki amesimama: sifuri. Hakuna kubishana. Halafu wanavuta kamba, mnyama anasimama tena kwa ajili ya mwingine.

Mpigaji anakaa chini juu ya mto mdogo. Haruhusiwi kutumia kipimo cha miale kujua umbali; anakadiria kwa darubini na kwa uzoefu wake. Kazi ngumu kuliko zote ni upepo wa nje. Kwenye mita 50, upepo usio mkali unaweza kusogeza kidonge sentimita kadhaa pembeni, na hapo tundu limeshakosekana. Ndiyo maana wengi wanafunga uzi mwepesi mbele ya bunduki ili wauone upepo.

Filimbi ikilia, wote wanaacha kupiga mara moja. Hakuna anayesogea mbele kwenye shabaha mpaka bunduki zote ziwe tupu. Mtutu hauelekezwi kwa mtu hata siku moja, hata kama hakuna kidonge ndani. Anayevunja amri hizi anatolewa, hata kama ni bingwa.

Hesabu ya ndege

Sasa tuliweke jambo hili shambani kwetu.

Bingwa wa dunia ana bunduki ya bei kubwa, ana darubini, amekaa vizuri, na mnyama wake wa chuma hakimbii. Na bado anakosa. Kijana wetu ataikamata bunduki ya bei ndogo, atasimama juani, na ndege watakuwa wanaruka.

Lakini tumpe heshima, tuseme kijana wetu hakosi kabisa. Ndege mdogo wa aina ya kwelea-kwelea, anayewasumbua wakulima wa Tanzania, Kenya na Zimbabwe, anakula karibu gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege 10,000, ambalo kwa kwelea-kwelea ni kundi dogo, linakula kilo 100 kwa siku. Katika wiki mbili ni kilo 1,400, yaani mifuko 14 ya kilo 100.

Kijana wetu anaua ndege mmoja kila dakika, saa sita bila kupumzika, bila kukosa. Ni ndege 360. Ameokoa kilo 3 na nusu hivi za siku ile. Waliobaki, 9,640, watakula kilo 96. Na vidonge 360 vimekwisha, na vidonge havitolewi bure.

Kule Tanzania na Kenya serikali zinapuliza sumu kwa eropleni juu ya makundi haya, na mwaka unaofuata ndege wanarudi. Bunduki inayotoa kidonge kimoja kimoja itafanya nini?

Mtu anaweza kusema: «Lakini bakisikia bunduki, bandege banakimbia.» Kweli, wanakimbia. Ila wanamkimbia mtu na kelele, si kidonge. Na bunduki ya upepo haina kishindo kikubwa. Kopo la mafuta lenye mawe ndani linaishinda kwa kelele, na kopo lile tunalo tayari.

Hatari ambazo sanduku haliwezi kulipa

Jambo la kwanza ni jicho. Kidonge ambacho hakiwezi kuvunja mfupa mkubwa kinaweza kupasua jicho, na jicho likishapasuka halirudi. Na si jicho tu. Mwaka 2005, katika mji wa Glasgow, Uskoti, mtoto wa miaka miwili alipigwa kichwani na kidonge cha bunduki ya upepo akafa. Baadaye Uskoti ikatunga sheria, na tangu mwisho wa 2016 kila mwenye bunduki hiyo kule lazima awe na kibali. Wale wanaokutana kila mwaka wana uwanja uliofungwa, mtu wa filimbi na amri. Shamba letu la mtama lina njia ya watu inayopita katikati, wamama wanaokwenda kuchota maji, na watoto waliojificha kwenye majani.

Jambo la pili ni usalama wa anayeibeba. Hapa kwetu watu wanakumbuka Machi 2013, wapiganaji wa Bakata Katanga walipoingia mjini Lubumbashi na damu ikamwagika. Askari au mlinzi wa mgodi anayemwona kijana kwa mbali, jioni, amebeba kitu chenye mtutu, hawezi kujua kama ni ya upepo au ya baruti. Tena nchi yetu ina sheria ya silaha na risasi ya 1985, na sheria ya uwindaji ya 1982. Kusema «ni ya upepo tu» si karatasi. Atakayenunua bila kuuliza ofisi ya territoire anaweka koperative nzima katika matata.

Jambo la tatu ni plombo, madini ambayo vidonge vingi vinatengenezwa nayo. Plombo ni sumu, na mtoto inamwumiza zaidi kuliko mkubwa, kwa sababu inaharibu akili inayokua. Kuku anapokota vijiwe ili kusaga chakula tumboni; akiokota kidonge, anaokota sumu. Na ndege aliyepigwa akiingia chunguni pamoja na kidonge, sumu inakuja mezani na bukari. Sisi wa Katanga tumeshabeba mzigo wa kutosha. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza uchunguzi wa mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini. Walikuta kobalti nyingi sana, na plombo pia. Hakuna haja ya kuongeza nyingine kwa mikono yetu.

Jambo la nne ni bundi. Kijana mwenye bunduki mpya hataishia kwa ndege wa mtama. Atampiga bundi, kwa kuwa wengi wanasema ni ndege wa walozi. Lakini bundi anakula panya usiku kucha, hadai mshahara wala vidonge. Ukimwua bundi, umefungua mlango wa ghala.

Kinachosaidia kweli

Wakulima wengi wanajua njia hizi, lakini kila mmoja anazifanya peke yake. Nguvu yake inakuja zikifanywa pamoja.

Tupande wiki moja. Shamba linalokomaa peke yake, mbele au nyuma ya mengine, linakuwa meza ya ndege wote wa eneo. Mashamba yakikomaa pamoja, hasara inagawanyika na kila mmoja anapoteza kidogo.

Tulinde kwa zamu. Wakati wa hatari ni tangu punje zinapojaa maziwa mpaka zinapokauka na kuwa ngumu, wiki tatu au nne hivi. Ndege wanakula zaidi alfajiri mpaka saa nne asubuhi, na tena tangu saa kumi mpaka jua kuzama. Watu wazima wawili au watatu wa zamu, wenye makopo na kamba, wanaweza kulinda mashamba ya majirani kadhaa. Tukipanga zamu vizuri, watoto wataenda masomoni. Leo katika vijiji vingi mlinzi wa ndege ni mtoto, na anapoteza karibu mwezi mzima wa shule kila mwaka.

Tubadilishe vitisho. Mikanda ya kaseti, mifuko inayong'aa, mtu wa majani: ndege wanazoea kila kitu kisichosogea. Kila baada ya siku tatu, kihamishwe au kibadilishwe.

Tuvune punje zikishakuwa ngumu. Kila siku ya kuchelewa ni zawadi kwa ndege.

Kwa panya, tuinue ghala mita moja juu ya ardhi, tuzungushe kofia ya bati kwenye kila mguu, tufyeke majani pembeni, tufuge paka.

Kabla ya kupiga kura

Kama pendekezo la bunduki litafika katika mkutano wenu mkuu, tunaomba mwenyekiti aulize maswali haya mbele ya wote:

1. Ndege wanatula mifuko mingapi kila mwaka? Nani amepima?
2. Bunduki na vidonge vya msimu mzima ni bei gani, na pesa ile ingelipa siku ngapi za walinzi wa zamu?
3. Tumeuliza territoire karatasi gani inahitajika?
4. Nani ataitunza, itafungiwa wapi, na ikimwumiza mtoto wa jirani nani atajibu?
5. Tumeshajaribu zamu ya pamoja msimu mmoja mzima?

Kama swali la kwanza na la tano hayana jibu, pesa ibaki sandukuni.

Kuna kitu kimoja tunachoweza kuchukua kwa wapiga shabaha wale bila kununua chochote. Kila mwaka wanakutana, wanahesabu mbele ya kila mtu, na amri ni moja kwa bingwa na kwa mgeni. Mnyama wa chuma ameanguka au hakuanguka. Sisi pia tunaweza kukutana baada ya mavuno, kila mmoja aseme alipanda lini, alilinda siku ngapi, alipata mifuko mingapi, na mizani iwe katikati ya wote.

Koperative itakayojaribu zamu ya ulinzi msimu huu ituletee hesabu yake: hekta ngapi, walinzi wangapi, siku ngapi, mifuko mingapi. Tutaiweka katika jarida hili, iwe nzuri au mbaya, ili wengine nao wajue.